Wakuu wa Mwanza: mmea gani wa kutambaa ukutani unabaki kijani mpaka Agosti?

#1 Mgeni wa Kiseke

Wakuu, habari za jioni.

Nimehamia kwangu Kiseke tangu mwezi wa tano. Nyumba bado ni pagale lililochangamka, ila nimeona heri vumbi langu kuliko dari la mwenye nyumba. Shida yangu ni fensi. Mbele, upande wa geti, ni ukuta wa tofali uliopigwa plasta. Uso wa nje unatazama magharibi, na jua la saa tisa likiugonga huwezi kuweka kiganja. Ukiingia getini, kushoto ni kaskazini, ukuta kama huo tunapakana na jirani. Kulia, kusini, fundi alijenga kwa mawe yetu haya haya. Nyuma hela ilikata, nikafunga wavu wa waya kwenye nguzo za zege, na baada ya hapo ni miamba na pimbi.

Nataka kijani mwaka mzima, sio kitu cha kupukutisha majani nibaki naangalia vijiti.

Sasa kituko. Niliingia YouTube nikakuta mzee mmoja wa Uingereza kwenye bustani yake. Anasema ukuta unaotazama kaskazini ni wa kivuli na baridi, panda ivi, mmea wao wa kutambaa, haifi. Nikatoa dira ya simu, nikazunguka kiwanja kama mpima ardhi. Ukuta wangu ambao uso wake wa ndani unatazama kaskazini ni ule wa mawe. Nikanunua miche minne ya ivi kwa wauza maua barabarani, elfu nane kila mmoja, nikapanda wiki ya mwisho ya Juni. Namwagilia asubuhi na jioni kama nalea mtoto njiti. Katikati ya Agosti yote minne imekuwa majani ya chai.

Nisaidieni kabla sijapaka ukuta rangi ya kijani yaishe.

#2 Sato Mkavu

Rangi ya kijani ndio jibu mkuu. Haimwagiliwi na haili mbolea. Mimi naipaka wiki ijayo.

#3 Binti Pasiansi

Naweka kigoda hapa. Na mimi nina bogenvilia ya miaka mitatu, majani tele, ua hata moja hakuna. Wenye ujuzi wakija wanikumbuke.

#4 Mama Miche Nyegezi

Mgeni wa Kiseke, pole mwanangu. Ivi yako haikufa kwa uzembe, uliipanda kwenye kikaango.

Huyo mzee hakudanganya. Kwake jua la mchana liko kusini siku zote za mwaka, ndiyo maana ukuta wake unaotazama kaskazini unakaa kivulini. Sisi tupo nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, jua letu linahama. Kuanzia katikati ya Machi mpaka mwishoni mwa Septemba, la mchana linapita kaskazini yetu. Kuanzia Oktoba mpaka Machi linapita kusini. Haya, kiangazi chetu ni lini? Juni mpaka Septemba. Yaani uso unaotazama kaskazini unapigwa jua miezi ileile ambayo mvua hakuna. Na wako ni wa mawe, jua likizama bado una joto. Ule wa jirani ndio umekaa vizuri: kwa ndani unatazama kusini, kiangazi una kivuli, na jua lake linakuja wakati wa vuli udongo ukiwa umelowa.

Halafu hili neno kijani mwaka mzima. Wenzetu wa huko wakilisema wanawaza baridi, maana miti yao mingi inavua majani ikikaribia Desemba. Huku hakuna baridi ya kuuvua mmea majani, kinachouvua ni kiu. Kwa hiyo usimuulize muuza miche kama mmea unabaki kijani. Atakujibu ndiyo, ana watoto wa kulisha. Muulize Agosti ukikosa maji wiki mbili unakuwaje. Au fanya kama mimi: Agosti panda Isamilo, shuka Bwiru, zunguka Capri Point, uone ukuta wa nani una majani na wa nani una kamba. Hiyo kazi nimeijifunza kwa kuchungulia kuta za watu, na mbwa wao wananijua.

Pia angalia mmea unashikaje. Upo unaojibandika wenyewe kwa vimizizi, huo ni wa ukuta mtupu. Upo unaojisokota au wenye vikono vya kukamata, huo unataka waya au wavu, ukutani utaanguka kifudifudi. Na upo usioshika chochote, unaegemea tu, kama bogenvilia na alamanda. Huo utaufunga kwa kamba kila mara kama ng'ombe. Watu wengi wanaokuja kwangu kulalamika mmea haupandi, walinunua wa kuegemea wakasubiri ujibandike.

Ukuta wa jirani weka fikasi inayotambaa, Ficus pumila. Ni jamii moja na mkuyu, asili yake China, Japani na Vietnam. Majani madogo kama kucha ya kidole, vimizizi vyake vinatoa gundi, haitaki msumari. Mwaka wa kwanza utaitukana, maana inakaa tu. Mwaka wa pili inaanza kupanda, na ikishaanza haiombi ruhusa. Ikifika juu ya ukuta inabadilika tabia: matawi yanakuwa manene, majani makubwa magumu kama ngozi, inatoka nje badala ya kubana. Hapo ni mkasi, mara tatu nne kwa mwaka, usiache. Utomvu wake mweupe unawasha, vaa glavu.

Usipande ukigusa ukuta. Pale chini kabisa udongo ni mkavu, ukuta unazuia mvua, na mafundi wanaacha saruji na vipande vya tofali. Sogea futi moja hivi, chimba shimo la futi moja na nusu kila upande, changanya samadi iliyooza, mche uulaze kuelekea ukutani. Kiseke sehemu nyingi ni luseni, kichanga cha milimani, maji yanapita kama kwenye chekecheo. Juu tandaza mapumba ya mpunga au nyasi kavu, mbali kidogo na shina. Na usipande sasa. Subiri vuli ikolee.

#5 Fundi Nondo

Mama kamaliza upande wa mmea, niongelee ukuta maana mimi ndiye ninayeitwa baadaye kurekebisha.

Hiyo fikasi haipasui plasta nzima. Ila kama plasta ina ufa, vimizizi vinaingia, shina linanenepa humo humo, ufa unakuwa mlango. Ziba nyufa zote kwanza. Na usipake rangi. Ikishika kwenye rangi, siku ukiibandua inaondoka na rangi, na vimizizi vinabaki ukutani kama miguu ya mende. Ukishaamua fikasi umeamua, haina kurudi nyuma kirahisi.

Kwa mimea ya waya: toboa ukuta, weka bolti za kutanuka, vuta waya wa mabati mnene, mstari mmoja kila futi moja na nusu. Waya usilale ukutani, uache upana wa vidole vitatu hewa ipite. Wengi wanatumia ile waya ya kufungia nondo. Hiyo ina kutu baada ya masika mbili, na mmea ukiwa mzito inakatika usiku, asubuhi unakuta zulia chini.

#6 Sato Mkavu

Nyoka je? Mmesema majani ukuta mzima halafu kimya.

#7 Mama Miche Nyegezi

Kaka Sato, nyoka anafuata panya, mijusi na mahali pa kujificha. Ukuta wenye fikasi iliyokatwa ikabana hauna pa kumficha kitu kikubwa. Kichaka kilichoachwa, majani makavu yamejaa chini, mabaki ya chakula na banda la kuku karibu, hapo umemwandikia barua. Acha shubiri mbili za chini bila majani, fagia, utaona kila kinachopita. Kuhusu mbu, hawazaliani kwenye majani bali kwenye maji yaliyotuama. Mchana wanapumzika humo kivulini, hilo kweli, kwa hiyo usipandishe mmea mzito kwenye dirisha la chumba cha kulala.

Kingine cha sisi wa ziwani: taa ya nje usiiweke katikati ya mmea. Wale wadudu wa ziwani wakija kwa mawingu wanajaa kwenye taa, buibui wanashona nyavu kuwafuata, na mmea wako unakuwa mweupe kama umefiwa.

#8 Mzee wa Igombe

Wajukuu zangu, nyie mnahangaika na vitu vya China na sisi tulikuwa na minyaa. Kaya za Usukuma zilizungushiwa minyaa. Unakata kijiti, unachomeka, kinaota. Haimwagiliwi, haipukutishi, kwani majani yenyewe ni kama haina, ni vijiti vya kijani tu Januari mpaka Disemba. Ng'ombe hali, mbuzi hali. Haitambai, ndiyo, lakini swali lilikuwa kijani mwaka mzima.

#9 Fundi Nondo

Shikamoo mzee. Minyaa ni kweli kabisa, ila mwenye watoto wadogo aijue. Ule utomvu ukiingia jichoni ni kwenda hospitali. Mimi nilikata ya mteja bila miwani, nililala siku mbili nimefumba macho kama mtoto wa paka.

#10 Mzee wa Igombe

Marahaba. Ndiyo maana tulikata upepo ukiwa mgongoni.

#11 Binti Pasiansi

Jamani bogenvilia yangu msinisahau.

#12 Mama Miche Nyegezi

Binti, niambie ukweli: unaimwagilia kila siku na umeiwekea samadi ya kuku?

#13 Binti Pasiansi

Kila siku mama. Samadi ya kuku na maji ya kuoshea samaki.

#14 Mama Miche Nyegezi

Basi umeinenepesha. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi, inazaa majani. Bogenvilia inachanua ikiona taabu. Acha kumwagilia mpaka majani yalegee kidogo, ndipo uipe maji ya kushiba, halafu iache tena. Iwe na jua angalau saa sita. Kata matawi marefu baada ya kuchanua, kwa sababu maua yanakuja kwenye matawi mapya. Maji ya samaki wape mchicha.

Mgeni wa Kiseke, hiyo hiyo ndiyo ya ukuta wako wa nje unaotazama magharibi. Fikasi ungeipeleka pale ingekaangwa, bogenvilia inafurahia. Na miba yake ni askari asiyelipwa mshahara. Ila ni ya kuegemea, lazima waya, na ikate upande wa njia, watoto wa shule wanapita.

#15 Mwalimu wa Baiolojia

Kidogo tu, nje ya mada. Lile linaloitwa ua la bogenvilia sio ua. Ni majani matatu yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni vile vitarumbeta vidogo vyeupe katikati. Jina limetokana na Louis Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyezunguka dunia. Mtaalamu wake wa mimea, Philibert Commerson, ndiye aliyeuchukua mmea huu Rio de Janeiro mwaka 1767. Msaidizi wake Jeanne Baret alikuwa mwanamke aliyevaa kiume ili apande meli. Darasa langu huwa linaamka nikifika hapo.

#16 Mgeni wa Kiseke

Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. Limebaki la nyuma, wavu wa waya, na ule wa mawe. Nimeona picha za tunbergia ya bluu, ile ya maua makubwa kama masikio. Inafunika wavu ndani ya mwaka mmoja wanasema. Na kuna mtu kaniambia kweme.

#17 Mkerewe Halisi

Tunbergia ya bluu kaka fikiria mara mbili. Asili yake ni India na nchi za jirani, na huko Queensland, Australia, imetoroka bustanini ikawa inaangusha miti msituni. Wewe nyuma yako ni miamba na kichaka, nani ataifuata huko? Sisi wa visiwani tuna adabu na maua mazuri. Magugu maji nayo yalitoka Amerika ya Kusini yakasambazwa duniani kwa ajili ya ua lake la zambarau. Yalipoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 watu waliyaona mapambo. Baadaye mtumbwi haupiti, bandari zimezibwa, ikabidi waletwe mbawakawa wa kuyala. Mimi mtu akiniambia mmea huu unakua haraka sana, nauliza na kuutoa je.

#18 Mama Miche Nyegezi

Mkerewe umesema. Wabeja.

Kweme mwanangu ni mmea wa heshima, mama aliyejifungua anapewa mbegu zake apate maziwa. Ila tunda moja linafika kilo kumi na zaidi, na mmea wenyewe unataka mti mkubwa. Kwenye wavu wako utavuta na nguzo.

Wavu weka pirostejia. Ni ile yenye vitarumbeta virefu vya rangi ya chungwa, ukiona Bwiru Julai imemwagika kwenye uzio utajua ndio hiyo. Ni ya Brazili, ina vikono vya kukamata, inapenda jua, ikishashika mizizi inavumilia kiangazi, na uzuri wake unachanua katikati ya mwaka wakati vingine vyote vimenuna. Wakati unaisubiri panda pasheni katikati yake. Pasheni haina maisha marefu, miaka mitatu mpaka mitano inachoka, lakini inafunika upesi na utakunywa juisi. Ukitaka mboga chomeka na nderema pembeni. Usichukue ile ya maua yanayotoka meupe yakageuka pinki halafu mekundu; inanukia usiku mpaka majirani wanakuja, ila kiangazi kikiwa kikali inapukutisha, na wewe umekataa vijiti.

Ukuta wa mawe, kama ni mimi, nauacha hivyo hivyo. Watu wanatoka mbali kuja kupiga picha mawe yetu, wewe umelipia fundi ayapange halafu uyafunike? Ukitaka kabisa, weka chungu cha alamanda pembeni, maua ya njano yatalipamba jiwe vizuri. Utomvu wake ni sumu, mtoto asitafune.

#19 Fundi Nondo

Wavu ukijaa majani unageuka tanga la mtumbwi. Upepo wa ziwani ule wa kutangulia mvua, Oktoba na Novemba, utasukuma fensi nzima. Nguzo za pembeni ziwekee mihimili ya kuegemea sasa, usingoje mmea ukue. Nimeokota fensi tatu Luchelele kwa sababu hiyo.

#20 Jirani Mwema

Naomba niongee kwa uchungu. Jirani yangu alipanda mmea kwenye ukuta wa mpaka bila kunishirikisha. Umevuka, umefika kwenye nyaya zangu za fensi ya umeme. Jani likigusa waya, hasa likiwa bichi, umeme unashuka ardhini na king'ora kinalia. Mvua ikinyesha ni saa nane usiku, saa tisa, saa kumi. Nikikata ananuna. Tumefika mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mgeni wa Kiseke, kaongee na huyo jirani wa kaskazini kabla hujachimba.

#21 Mgeni wa Kiseke

Nimeenda leo na soda. Kasema nipande, ila upande wake nitakata mimi. Tumekubaliana.

#22 Mgeni wa Kiseke (Agosti, mwaka uliofuata)

Wakuu, nimerudi na mrejesho, wengi mliniuliza sanduku la barua.

Nilipanda wiki ya pili ya Novemba, mvua imekolea. Fikasi nane ukuta wa jirani. Mbili zilikufa, sita zipo, zimefika usawa wa goti na majani yote ni mazima. Leo ni tarehe 19 Agosti, sijamwagilia siku tisa. Kweli nimeitukana kama Mama alivyotabiri. Bogenvilia ya nje imenishangaza, imepita kifua changu, ina rangi tangu Juni. Mbuzi wa mtaani alijaribu mara moja tu.

Nyuma ndiko kuna vita. Pimbi walikula pasheni zote nne ndani ya wiki moja, wakaacha vishina kama penseli. Nikapanda tena, nikazungushia wavu wa kuku, wakapanda juu ya wavu. Sasa kila mche una kizimba chake kamili, na kifuniko, nyumba yangu inaonekana kama mradi wa sungura. Pirostejia waliionja wakaiacha, sijui kwa nini, nashukuru. Imeshika nusu ya wavu. Nguzo niliziwekea mihimili, Fundi, upepo wa Oktoba uje.

Ukuta wa mawe nimeuacha. Asubuhi mijusi wenye vichwa vyekundu wanapanga foleni kuota jua, mke wangu anakunywa chai akiwaangalia.

#23 Binti Pasiansi

Na mimi nina taarifa. Imechanua! Nimeikalisha na njaa miezi miwili, imenipa pinki mlango mzima. Mchicha nao umenona.

#24 Sato Mkavu

Hongereni. Ile rangi ya kijani niliyopaka imebabuka masika hii hii, ukuta una mabaka kama fisi. Mgeni wa Kiseke, naweza kuja Jumamosi nikate vipandikizi vya hiyo fikasi?

#25 Mgeni wa Kiseke

Karibu mkuu. Uje na mkasi wako na mfuko.

#26 Mama Miche Nyegezi

Vipandikizi Agosti? Nyie wawili subirini Novemba.